Mpilipili Uliokufa kwa Maji

Asubuhi ile nilichota maji kijitoni, nikapanda na ndoo mlimani, nikaimwaga yote kwenye shina la mpilipili manga lililokuwa limelegeza majani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Udongo ulikuwa tope tupu, kandambili zangu zikinasa kila hatua. Lakini macho yangu yaliona majani yaliyonywea, na tangu utotoni nilijua kwamba jani likinywea mmea una kiu. Basi nikaunywesha. Baada ya wiki mbili majani yote yalikuwa chini, na matawi yakikatika kwenye pingili kwa kuguswa tu.

Nilifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimechora ubaoni, mara zisizo na hesabu, mmea wenye mizizi inayonyonya maji na shina linaloyapandisha hadi majanini. Sikuwahi hata siku moja kuwauliza watoto, wala kujiuliza mwenyewe, nini hutokea mizizi ikioza. Jibu nililipata shambani, nikiwa mstaafu: mmea uliooza mizizi hufa kwa kiu huku umesimama majini. Ndoo yangu haikuuokoa. Iliyachukua maradhi ya shina lile na kuyateremsha kwa mashina ya chini yake.

Shamba letu liko Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, ambako vijito vyote hushuka kuutafuta mto Ruvu, na Ruvu huyapeleka maji yetu hadi mabombani Dar es Salaam. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Shamba ni la lukolo, yaani ukoo, na msimamizi wake ni mjomba. Nilipostaafu mwaka 2019 nilikwenda kwa mjomba wangu, mdogo wa mwisho wa marehemu mama, nikamwomba mahali pa kulima. Akanipeleka kwenye mipilipili manga aliyoipanda mwenyewe kwa mikono yake, ikiwa imepanda juu ya mifenesi na miembe, mashina 240 kwa hesabu yangu ya siku ile.

“Mwanangu,” akaniambia, “hii ukiitunza itakulisha mpaka uzeeke.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mpilipili manga ni mmea wa subira. Huanza kuzaa vizuri mwaka wa tatu au wa nne, na ukitunzwa huweza kuzaa kwa miaka ishirini na zaidi. Asili yake ni misitu ya kusini magharibi mwa India, pande za Kerala. Sisi tulilipata jina lake kwa njia ya wafanyabiashara wa baharini: Manga ndilo jina la zamani la Uarabuni katika Kiswahili. Punje zake huchumwa mbichi, huanikwa juu ya mkeka au turubai hadi zikunjamane na kuwa nyeusi, na kilo tatu mbichi hukauka zikabaki kama kilo moja. Ni kazi ya mikono mingi, lakini ni zao lisiloharibika haraka. Mtu anaweza kuweka gunia ndani, akangoja bei, akalipa ada ya shule kwa wakati wake. Kwa hiyo shina likifa, haufi mche tu. Huondoka akiba ya nyumba.

Vuli ya mwaka ule ilikuwa ya mvua isiyo ya kawaida Afrika Mashariki nzima, na masika ya 2020 yakafuata nayo yakiwa mazito. Kufikia Juni nilikuwa nimepoteza mashina 31. Majirani walikuwa na maelezo yao. Mmoja alisema ni radi. Mwingine alisema ni jicho la watu, kwa kuwa shamba lilipata mtu kutoka mjini. Mimi sikuwa na maelezo, nikafanya jambo pekee ninalolijua. Nikachukua daftari, nikachora shamba lote: njia, kijito, jiwe kubwa, kila mti na shina lililoupanda. Kila shina lililokufa nikaliwekea mkasi kwa kalamu nyekundu, kama nilivyokuwa nikiwawekea wanafunzi waliokosa hesabu, na pembeni nikaandika wiki lilipoanza kulegea.

Nilipomaliza nilikaa nikaitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Mikasi haikutawanyika. Ilianza juu, karibu na lile shina nililolinywesha, ikashuka kwa kufuata mkondo wa maji ya mvua. Kisha ilikuwapo safu nyingine iliyokwenda kando, isiyofuata maji. Safu ile ilifuata njia yetu ya miguu.

Bibi shamba wa kata niliyemwita alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu wa mwisho. Alinisalimia shikamoo mwalimu, akaliangalia daftari kabla ya kuangalia shamba, akanyamaza. Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau: “Mwalimu, huu ugonjwa hauruki. Unatembea. Na unatembea na nyinyi.”

Akachomoa kisu, akakata shina moja lililokuwa limeanza kuwa la manjano, akalipasua kwa urefu. Ndani, mahali palipotakiwa kuwa peupe, palikuwa na mistari ya kahawia iliyopanda kama nyuzi. Akanieleza kwamba hiyo ni kazi ya fusaria, ukungu unaoishi udongoni, unaoingia kwa mizizi au kwa jeraha la shina na kuziba mirija inayopandisha maji. Mmea huwa wa manjano polepole, tawi moja kwanza, kisha jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, palepale Morogoro, wameuhusisha ukungu huo na kunyauka kwa mipilipili manga katika wilaya yetu.

Kisha akanipeleka kwenye shina jingine, karibu na mkondo. Hili lilikuwa na madoa meusi kwenye majani ya chini, yale yanayorushiwa matope na matone ya mvua, na shingo ya shina ilikuwa imeoza, nyeusi, yenye harufu. “Hii inafanana zaidi na fitoftora,” akasema. Fitoftora huitwa ukungu na wakulima wote, lakini kwa ukoo wake ni kiumbe kingine, karibu zaidi na mwani kuliko uyoga. Mbegu zake zina mikia midogo na huogelea. Zikipata udongo uliojaa maji huutafuta mzizi zenyewe. Ndiyo sababu huua kwa haraka, wiki mbili au tatu, mmea ukiwa bado na majani ya kijani. Huko Kerala, ambako mpilipili manga ulizaliwa, wakulima wamepambana nayo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nilimuuliza dawa. Kwa kweli nilikuwa nimekwisha kununua dawa. Duka moja la pembejeo lilikuwa limeniuzia chupa ya kutibu ukungu wa majani ya nyanya, nikaipulizia mara tatu juu ya majani ya mipilipili, fedha ya mafao ikateremka na mvua. Bibi shamba hakunicheka wala hakumlaumu mwenye duka. Alisema tu kwamba dawa inayokaa juu ya jani haifiki kwenye mzizi, na kwamba shina ambalo fusaria imekwisha kuziba mirija yake halina dawa ya kulirudisha. Kilichobaki ni kulizuia lisiue jingine. Siku nyingine ukinunua, akasema, kwanza jua unatibu nini, kisha soma kibandiko uone kama dawa imesajiliwa nchini na imeandikwa kwa zao lako.

Jioni ile nililitazama daftari kwa jicho jingine, nikaanza kuuona mkono wangu katika kila mkasi. Nilikuwa nikipalilia kwa jembe hadi kwenye shina, kwa kuwa nilipenda kuona pamesafishwa, na kila jembe lilipogusa mizizi ya juu lilifungua mlango. Nilikuwa nikitoka kwenye shina linaloumwa na kwenda kwenye zima kwa jembe lilelile lenye udongo. Mashina yaliyokufa niliyang'oa nikayaburuta hadi juu ya shamba, nikayalundika huko yaoze, na mvua ikawa inanyesha juu ya lundo na kuyarudisha yote chini. Palipokufa shina, nilipanda jipya katika shimo lilelile wiki iliyofuata, nikidhani ninaziba pengo. Fusaria huweza kusubiri udongoni miaka mingi bila mwenyeji. Mimi nilikuwa nikiipelekea mwenyeji mwingine kila mara.

Lakini kosa lililoniuma kuliko yote halikuwa katika daftari. Kabla ya masika, mdogo wangu wa kike alikuja kuomba mbegu. Kwetu kumnyima ndugu mbegu ni aibu. Nilikata marando kutoka mashina yaliyoonekana mazuri, vipandikizi 60, nikamfungia kwa kamba za mgomba pamoja na udongo kidogo kwenye mizizi ili visikauke njiani. Nilijisikia dada mwema. Shina lenye fusaria linaweza kukaa na ugonjwa ndani likiwa bado na sura nzuri. Mwaka uliofuata mdogo wangu alizika karibu vipandikizi vyote, na mipilipili yake ya zamani, iliyokuwa salama kabla ya zawadi yangu, ikaanza kulegea.

Nilikwenda kwake nikamwambia ukweli. Alikaa kimya, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, “Dada, ulinipa kwa moyo.” Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kubeba. Maradhi haya hayahitaji adui. Yanapita kwenye mapenzi yetu, kwenye kusaidiana kulima, kwenye jembe la kuazima, kwenye fungu la mbegu alilopewa ndugu. Tangu siku ile nimeamini kwamba kazi ya kwanza ya kuzuia mnyauko ni kujifunza upya namna ya kupeana. Kuacha kupeana si dawa.

Tulianza na maji. Bibi shamba alitaka tuchimbe mifereji ya kukinga maji ya mvua juu ya shamba na kuyapitisha kando, na kuinua udongo kidogo kuzunguka mashina ili maji yasituame. Mjomba akakataa. Alikaa juu ya kigoda, fimbo mapajani, akasema, “Matuta tena?” Nilimwelewa. Alikuwa mtoto Julai 1955, pale watu walipoukataa hadharani, hapahapa Matombo, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani. Ghasia zilitokea na mtu akauawa. Matuta yale yalifukia udongo mzuri wa juu, ambao kwetu ni mwembamba, na kuuleta juu udongo usiozaa. Wazee hawakuwa wakaidi. Walikuwa wanaujua mlima wao.

Binti yule alifanya jambo la busara. Hakubishana. Alimwomba Mjomba atembee naye mvua ikinyesha, amwonyeshe maji ya shamba hupita wapi. Wakatembea, mzee na mwavuli wake, binti na buti zake. Mjomba alijua kila mkondo, hata ule uliohama baada ya mti kuanguka. Mwishowe ni yeye aliyechagua mahali pa mifereji, mifupi, ya kufuata mlima ulivyolala, bila kugeuza udongo. Alichokikataa kwa amri alikikubali kwa kushirikishwa, na mifereji ile ni mizuri kuliko ambayo mtu yeyote kutoka nje angeipima kwa kamba.

Kisha tukageukia mashina. Yaliyokufa na yaliyokwisha kuwa ya manjano tuliyang'oa pamoja na mizizi siku ya jua, tukayachoma papo hapo bila kuyaburuta. Mashimo tukayanyunyizia chokaa, tukayaacha. Katika nafasi zile tulipanda migomba na mihogo, na bibi shamba akatuonya tusiweke nyanya, maboga wala pilipili hoho, kwa kuwa fitoftora inayoua mpilipili manga huyapenda mazao hayo pia na ingekuwa inalishwa huko ikingoja. Jembe tukaliweka mbali na mashina. Magugu sasa tunayafyeka. Marando yanayotambaa chini tunayakata au kuyafunga juu, ili jani lisiguse tope. Majani makavu tunatandaza kuzuia matone yasirushe udongo, lakini tunaacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Kabla ya masika tunapunguza matawi ya mifenesi na miembe, upepo upite na jua lifike chini.

Kwa fitoftora tulitumia pia dawa ya kale, mrututu na chokaa. Jina lake duniani limetoka Bordeaux, Ufaransa. Huko, katika miaka ya 1880, wakulima wa mizabibu walikuwa wakiipaka miti ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu. Mtaalamu wa mimea Pierre-Marie-Alexis Millardet akaona kwamba miti hiyo ya kando ndiyo iliyobaki na majani wakati ugonjwa umeipukutisha mingine, akachunguza, na mwaka 1885 akautangaza mchanganyiko ule. Ugonjwa wa mizabibu ile ulitokana na kiumbe cha ukoo mmoja na fitoftora. Kwa hiyo chombo kilichosaidia huko kinatusaidia na sisi.

Tunayeyusha kilo moja ya mrututu katika lita 50 za maji, na kilo moja ya chokaa katika lita nyingine 50, ndoo za plastiki, kwa maana mrututu hula chuma. Kisha tunamimina maji ya mrututu kwenye ya chokaa polepole huku tukikoroga kwa mti. Kupima, tunatumbukiza msumari safi. Ukitoka na wekundu wa shaba, chokaa haijatosha, na dawa hiyo ingeunguza majani. Tunaongeza hadi msumari utoke kama ulivyoingia. Inatumika siku hiyohiyo. Tunapulizia majani na shingo za mashina na kumwagia udongo unaozizunguka kabla mvua kubwa hazijaanza, na tena katikati ya msimu, tukiwa tumevaa glovu na kufunika pua. Ni ngao, si tiba. Tena shaba iliyomo katika mrututu haiozi; ukiimwaga ovyo kila mwezi hujilimbikiza udongoni na kuwadhuru hata viumbe wema, kama trikoderma, ukungu rafiki ambao sasa watu huuchanganya na samadi iliyoiva ili upigane na ukungu mbaya kwenye mizizi. Ukitia trikoderma leo na mrututu kesho, umeua askari wako mwenyewe.

Nilipokuwa nikisoma kuhusu haya niliikuta habari ya Tomé-Açu, katika jimbo la Pará nchini Brazili, nami siachi kuisimulia. Wahamiaji wa Kijapani walifika huko mwaka 1929. Mwaka 1933 meli iliyotokea Singapore ilileta miche 20 ya mpilipili manga, ikapona miwili tu. Kutokana na hiyo miwili mji mzima ulitajirika baada ya vita vya pili vya dunia, hadi pilipili ikaitwa almasi nyeusi. Walipanda zao moja, safu kwa safu, zenye asili moja. Kisha fusaria ikaingia mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika miongo miwili mashamba yakamalizika. Waliobaki waliangalia jinsi watu wa mito ya Amazoni wanavyopanda uani mwao, kila kitu pamoja, nao wakaanza kuchanganya kakao, matunda na miti ya mbao. Leo wanajulikana kwa mashamba hayo ya mchanganyiko.

Nilipomsomea Mjomba habari hiyo alitazama juu, kwenye mifenesi yake, iliki chini ya kivuli, migomba, mdalasini pembezoni. Nikatambua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikitaka kuikata hiyo mifenesi ili nipange mipilipili kwa mistari iliyonyooka. Sitaikata.

Mashina yetu hayakurudi 240. Mwaka wa tatu yalikuwa 163, lakini kwa msimu mzima daftari liliongezeka mikasi miwili tu. Tulianzisha kitalu kidogo. Udongo wake tunaulowesha na kuufunika kwa nailoni inayopitisha mwanga, ukae juani wiki sita katika kipindi cha joto, ule moto uue vilivyomo. Vipandikizi tunavitoa kwenye mashina ya upande wa jiwe kubwa, ambako maji hayapiti na watu hawakatizi, na ambako daftari halijawahi kuweka alama. Hata hivyo havitoki mara moja. Vinakaa kitaluni miezi minne chini ya macho yetu, na chochote kitakachokuwa cha manjano kinachomwa, hata kama mtu amekingoja.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokaribia, nilimwita mdogo wangu aje achukue deni lake. Alifika asubuhi na jembe begani, kwa kuwa alitaka kunisaidia kazi kwanza. Kwenye mlango wa shamba nimeweka ndoo mbili: moja ya maji na brashi ya kuondoa udongo, nyingine ya maji yenye jiki. Sikumwambia neno. Aliinama, akasugua jembe hadi likang'aa, akalitumbukiza, akasugua na nyayo za buti zake, moja baada ya nyingine, bila haraka. Nilisimama kitaluni nikimtazama, na miche 60 ikiwa imepangwa kwenye viroba vyake, ikimsubiri.